Wanaotutafiti Watuletee Majibu

Wananchi wenzetu, na ninyi ndugu wa makanisa yote,

Wazee wetu walipokuwa wakidai mfumo wa vyama vingi hawakuhitaji profesa wa kuwaeleza jinsi habari zinavyotawaliwa. Redio ilikuwa moja. Iliitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 ikapewa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, lakini mdomo ulikuwa ule ule: taarifa ilianza na shughuli za Rais, na mara nyingi ilikuwa vigumu kutambua ilipomalizika. Aliyethubutu kuandika kinyume aliijua bei yake. Jarida la Beyond, lililotolewa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kuanika maovu ya uchaguzi wa mlolongo, na mhariri wake akatupwa gerezani. Nairobi Law Monthly likapigwa marufuku mwaka 1990. Kifungu cha 2A kilifutwa katika Katiba Desemba 1991, lakini sheria ya uchochezi dhidi ya serikali ilibaki vitabuni hadi 1997. Wakati huo sisi tulikuwa bado watoto wa shule, ila hata mtoto alimjua aliyeshika ufunguo wa redio.

Leo ufunguo huo hauko mkononi mwa mtu mmoja. Redio ni nyingi, na kila kabila lina yake. Mwaka 2009 nyaya za kwanza za intaneti zipitazo chini ya bahari zilipandishwa nchi kavu hapa Mombasa, na hivyo ufuo wetu ukawa mlango wa Kenya nzima. Mama muuza mboga wa Magongo hupata habari za msiba, za mgomo na za siasa katika kundi la WhatsApp la jumuiya ndogo ndogo kabla padre mwenyewe hajazisikia. Tunashukuru. Damu na machozi yalimwagika ili tufike hapa.

Hata hivyo lipo swali ambalo wanamageuzi hawajaliuliza kwa sauti ya kutosha. Ni nani anayejua jinsi tunavyozungumza? Ni nani anayejua ni uvumi upi unaotutia hofu, ni kiongozi yupi tunayemwamini, ni neno lipi likitamkwa usiku wa kura litatufanya tumwogope jirani? Wapo wanaojua. Wengine wamo katika vyuo vikuu, na wengine wamo katika makampuni. Sisi tunaozungumza ndio tunaojua kidogo kuliko wote.

Tuanze na vyuo vikuu, na tuanze kwa haki. Mombasa ni mji uliotafitiwa mno. Kai Kresse alikaa na wanazuoni na wazee wa baraza za Mji wa Kale, akatoa kitabu mwaka 2007. Mwaka 2018 akatoa kingine, kinachofuatilia jinsi Waislamu wa pwani walivyojadiliana hadharani tangu gazeti la Al-Islah, lililoanzishwa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui mwaka 1932, hadi vipindi vya Radio Rahma katika miaka yetu. Mwaka 2021 Stephanie Diepeveen alichapisha kupitia Cambridge University Press kitabu kizima kuhusu siasa na mitandao ya kijamii katika mitaa ya Mombasa, kiitwacho Searching for a New Kenya. Humo mna wale wanaume wanaosimama barabarani na kubishana hadi jua linazama, mna mabunge ya wananchi, na mna mabishano hayo hayo yakihamia Facebook. Anauliza iwapo maneno ya namna hiyo yanaweza kuzaa njia mpya ya kuiwazia Kenya. Hilo ni swali letu sisi. Tumeliuliza kila baada ya uchaguzi.

Hizi ni kazi za heshima, na hatuna neno baya juu ya waliozifanya. Tunachouliza ni nani anayezisoma. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha wasomi, zimechapishwa ng'ambo, na kuuzwa kwa bei inayolenga maktaba kubwa. Yule bwana aliyebishana chini ya mti, ambaye maneno yake ndiyo nyama ya kitabu, hana njia ya kujua yalimaanisha nini kwa mgeni aliyeyaandika. (Nasi wanasheria tusicheke sana: hukumu zetu nazo huandikwa kwa lugha ambayo mara nyingi mshtakiwa husomewa na mwingine.) Wala hatuwezi kukubali kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Makala za Sheikh al-Amin zilitolewa tena mwaka 2017 na Kresse pamoja na Hassan Mwakimako wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kiswahili na Kiingereza katika kitabu kimoja. Penye nia pakapatikana njia.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wa Magongo, wenye taabu za maji, kodi ya nyumba na ajira? Ni kwa sababu ya jinsi tulivyo. Huku bara ya Mombasa wanaishi Mkamba na Mtaita, Mluo na Mgiriama, Mluhya na Mdigo, ukuta kwa ukuta. Walikuja kufuata bandari, reli na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, ambacho kiliacha kusafisha mwaka 2013. Kanisa na msikiti vinasikilizana. Mtaa wa namna hii huishi kwa imani ya jirani kwa jirani, na imani hiyo huvunjwa kwa maneno kabla ya kuvunjwa kwa rungu. Mwaka 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa usiku wa tarehe 13 Agosti na wenzetu wa bara wakafukuzwa na kuuawa, vilisambazwa vikaratasi vilivyowataka wageni wote waondoke pwani. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kazi ya kikaratasi ilifanywa na ujumbe mfupi wa simu. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007; redio zikanyamaza, uvumi ukachukua kiti chake. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa 1,133.

Sasa tazameni faida ya utafiti uliofanywa vizuri. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, watafiti wa iHub jijini Nairobi, wakishirikiana na Ushahidi, walianzisha mradi wa Umati. Kila siku walisoma yaliyoandikwa mitandaoni kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha kadhaa za Kenya, wakiyapima kwa kipimo cha msomi Susan Benesch. Kipimo hicho hakiishii kwenye tusi lenyewe. Kinauliza msemaji ana nguvu gani kwa wanaomsikiliza. Wasikilizaji wana hofu gani. Maneno yenyewe yanaita nini. Historia ya mahali pale ikoje. Na yamepitishwa kwa njia ipi. Kwa kipimo hicho, mlevi anayetukana kabila fulani njiani si hatari sawa na mzee wa kanisa anayesema kwa upole kwamba “wale watu” wameanza kununua mapanga.

Na waligundua nini? Kwamba maneno hatari yalikuwa Facebook kwa wingi kuliko Twitter. Kwamba Twitter msemaji aliweza kukemewa papo hapo na wenzake hata akanyamaza au akaomba radhi. Na kwamba wengi wa wasemaji hawakujificha, bali waliandika kwa majina yao. Ndugu zetu, hebu litafakarini hilo la mwisho. Tulikuwa tumezoea kudhani kwamba chuki hupandwa na mtu asiyejulikana, aliyelipwa, aliye mbali. Kumbe ni mtu mwenye jina, pengine yumo katika kwaya, pengine yumo katika chama cha akiba cha akina mama. Mchungaji ambaye angelipata neno hilo kwa Kiswahili, katika kurasa mbili tu, angelijua afanye nini Jumapili inayofuata. Angelijua kwamba karipio la rafiki ndani ya kundi lina nguvu ambayo onyo la polisi halina. Maarifa haya yalikuwapo. Yalikaa katika ripoti.

Wakati sisi hatuna habari, wengine walikuwa wakisoma kwa bidii. Mnamo 2014 mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge aitwaye Aleksandr Kogan alitengeneza jaribio la maswali ya tabia katika Facebook. Waliojibu walichukuliwa habari zao, na habari za marafiki zao ambao hawakuulizwa lolote. Facebook yenyewe ilikiri baadaye kwamba huenda watu milioni 87 waliguswa. Habari hizo ziliangukia mikononi mwa kampuni ya Cambridge Analytica, ambayo haikuwa sehemu ya chuo hicho ingawa ilijipamba kwa jina la mji wake. Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilimrekodi kwa siri mkubwa mmoja wa kampuni hiyo akijigamba kwamba walikibadilisha sura chama cha Rais Kenyatta mara mbili, mwaka 2013 na 2017, wakakiandikia ilani, na wakafanya duru mbili za uchunguzi wa maoni, kila duru watu 50,000. Chama cha Jubilee kilijibu kwamba kampuni mama, SCL, iliajiriwa kwa kazi ya kujenga jina la chama tu.

Tuseme majigambo yale yalikuwa na chumvi. Wauzaji wote hutia chumvi. Lakini hata ukiipunguza chumvi hiyo nusu kwa nusu, linabaki jambo la kutisha. Kipimo cha kutambua hofu za watu, ambacho Umati walikitumia ili kuzima moto, mwingine anaweza kukitumia kujua mahali nyasi zilipokauka. Elimu ni moja. Tofauti ni nani aliyepewa matokeo. Mwanasiasa hulipia ripoti akaipata kesho yake asubuhi. Mtaa uliotoa majibu bure haupati kitu. Na huo ndio uonevu tunaoulalamikia, kwa maana vyama vingi bila wapiga kura wanaojijua ni soko lenye wauzaji wengi na mnunuzi mmoja aliyefungwa macho.

Wana wa Magongo wamekwisha kuwaona vijana hao wa kuhoji. Huja wawili wawili, wakiwa na beji shingoni na kompyuta ndogo ya mkononi. Wana adabu, na wengi ni watoto wetu wenyewe waliokosa kazi. Huuliza una redio ngapi, wasikiliza idhaa gani, umo katika makundi mangapi ya simu, ni nani aliyekutumia habari ya mwisho ya siasa. Hutoa karatasi ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza, wakasema “weka sahihi hapa tu, mama.” Mama huweka. Methali yetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa wamekuja mara nyingi, na mwenyeji hajapona.

Wapo wanaokataa kujibu, nasi hatuwalaumu. Nchi hii ina kumbukumbu. Katika miaka ya chama kimoja kibali cha utafiti kilitoka Ofisi ya Rais, na mhadhiri aliyeuliza maswali mabaya alijikuta kizuizini, kama alivyojikuta mwenzetu wa Mombasa Alamin Mazrui, aliyekamatwa mwaka 1982 akiwa mwalimu wa chuo kikuu. Wala si mambo ya kale tu. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikufa mikononi mwa polisi Nairobi, baada ya kukamatwa kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni. Mwezi huo huo, tarehe 25, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kutangaza maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Mtu aliyeona hayo akiulizwa na kijana asiyemjua ni makundi gani aliyomo, atadanganya. Na mtafiti atakwenda zake na uongo huo, auchapishe kwa jedwali na michoro. Penye hofu hapapatikani utafiti wa kweli. Wasomi wapendao kazi yao wangepaswa kuwa mstari wa mbele katika kudai haki, hata kama hawapendi siasa.

Kuna mtu katika Maandiko ambaye twaweza kumwita mtafiti. Nehemia alipofika Yerusalemu alitoka usiku na watu wachache, akazunguka kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea, bila kumwambia mtu. Alichunguza kwanza. Lakini hakupanda mnyama wake akarudi Shushani kumwandikia mfalme taarifa nzuri. Aliwarudia wenyeji wa mji, akawaeleza alichokiona, nao wakashika kazi ya kujenga, kila jamaa mbele ya nyumba yake. Wahubiri wetu hupenda sana habari ya ujenzi ule. Tunawaomba siku moja wahubiri juu ya ule usiku wa uchunguzi na asubuhi iliyofuata.

Sasa sheria, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi, na hatutaki mtu yeyote augusie. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mtu, pamoja na mawasiliano yake. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini iwe ya hiari, ya wazi, na itolewe na mtu aliyeelezwa na akaelewa. Tena aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Sheria hiyo inawalegezea kamba watafiti, na ni sawa iwalegezee, mradi matokeo yasimtambulishe mtu. Ila karatasi ya Kiingereza kwa mama asiyesoma Kiingereza haimwelezi kitu. Kwa maoni yetu sahihi iliyowekwa hapo ni wino tu.

Liko na jambo ambalo wengi hawalijui. Kila mtafiti, wa hapa au wa ng'ambo, hutakiwa kupata leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, kwa mujibu wa sheria ya 2013. Miongoni mwa masharti ya leseni hiyo ni kwamba awasilishe kwa Tume nakala ya ripoti yake ya mwisho katika muda wa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Maana yake ni kwamba majibu ya maswali tuliyoulizwa malangoni mwetu yanapaswa kuwa katika ofisi ya umma, na kilicho katika ofisi ya umma kinaangukia chini ya Kifungu cha 35.

Hapa pia tuwatetee watafiti, maana nao wamefungiwa mlango. Mwaka 2023 Twitter, iliyokuwa ikielekea kuitwa X, iliondoa njia ya bure ambayo vyuo viliitumia kusoma mazungumzo ya umma. Agosti 2024 kampuni ya Meta iliifunga CrowdTangle, chombo kilichowawezesha wasomi na waandishi kuona ni habari gani inayoenea kwa kasi Facebook. Umoja wa Ulaya una Sheria ya Huduma za Dijitali ya 2022, ambayo inayalazimisha makampuni makubwa kuwafungulia watafiti walioidhinishwa. Sheria yetu ya 2019 haina kifungu cha namna hiyo. Basi mwanafunzi wa Berlin ana haki ya kisheria ya kuuliza jinsi uchaguzi wa kwao unavyochafuliwa mtandaoni, na mwanafunzi wa Nairobi au wa Kilifi anabaki akibisha hodi. Wabunge wa pwani wanaopenda kuzungumzia vijana wana kazi hapa. Mswada wa kurasa chache ungetosha.

Nasi tusikae tukingoja Bunge. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema maombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi iliyoombwa yapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Haikutaki uwe na wakili, wala hutakiwi kueleza sababu zako. Kila kanisa la Magongo lina katibu, kila msikiti una kamati, kila baraza lina mwenye mwandiko mzuri. Iandikwe barua kwa Kiswahili kwenda kwa Tume hiyo ya Sayansi, ikitaja jina la mtaa, na kuomba ripoti zote za utafiti wa redio, simu na mitandao uliofanywa katika Changamwe, Likoni na Kisauni tangu sheria ya 2013. Ipelekwe kwa mkono au kwa rejista, nakala ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa tarehe. Siku ya 22 ikifika bila jibu, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki katika Utawala, ambayo sheria imeipa kazi hiyo.

Na kijana wa beji atakapobisha tena, apewe kiti na maji ya kunywa kama ilivyo desturi. Kisha aulizwe karatasi ya Kiswahili iko wapi, na aandike chini yake, kwa mkono wake, tarehe atakayorudi na majibu, na ukumbi wa kanisa au wa shule atakaotusomea.